Akwitao Hapa si Mtu

Kila mwaka, somo la salfa linapofika na ile hewa yake inayonuka kujaa maabara, wanafunzi wangu huziba pua na kupiga kelele kana kwamba nimewakosea adabu. "Mwalimu, mayai viza hayo!" Mimi huwaacha wacheke, kisha nikainama na kuvuta pumzi mpaka ndani. Kwao ni uvundo. Kwangu ni harufu ya likizo moja ya Disemba nilipokuwa na miaka tisa, likizo niliyoikaa kando ya chemchemi ya maji ya moto katikati ya mikoko, nikioga, nikicheza na kula mayai niliyoyachemsha mwenyewe ndani ya ardhi bila jiko wala kuni. Sijawahi kuwa na furaha kama ile tena, na nalisema hili mapema ili msomaji ajue ninachokikasirikia. Mtu akikuibia siku ya huzuni, umeibiwa mara moja. Akikuibia siku ya furaha yako, hata ile furaha yenyewe huwezi tena kuikumbuka bila kujiona mpumbavu. Katika likizo ile nilimpoteza mama yangu, na nilimpoteza kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa kuufumba.

Kwetu ni Jomvu Kuu, bara ya Mombasa, ambako nyumba za kale zimekaa juu ya kilima zikiutazama mkono wa bahari. Tulikuwa watu watano nyumba moja: baba, mama na mimi, pamoja na shangazi Mishi, dada mkubwa wa baba, na mumewe Kombo. Shangazi hakujaliwa mtoto, kwa hiyo mimi nilikuwa mtoto wa wanawake wawili, na kwa miaka mingi nilidhani hiyo ni bahati. Mama yangu alikuwa Mgiriama wa Mwakirunge, ng'ambo ya Kisauni, aliyesilimu alipoolewa. Kwa shangazi hilo halikutosha. Alimsahihisha mama jinsi ya kukuna nazi, jinsi ya kufunga leso, hata jinsi ya kucheka, na baba, ambaye alikuwa karani katika bohari moja la mafuta Changamwe na bwana wa kila mtu huko kazini, akifika nyumbani hujifanya anasoma gazeti. Mama naye hakuwa mtu wa kujibizana. Alikuwa na jambo lake moja tu ambalo shangazi hakuliweza: wote waliniita Mwanaidi, jina nililopewa na ukoo wa baba, lakini mama alipokuwa na mimi peke yangu aliniita Kadzo. Kwa Kigiriama maana yake ni kijitu kidogo kizuri. Lilikuwa jina la chumbani, la wakati wa kusukwa nywele.

Jambo la kuitika shangazi alilisimamia yeye mwenyewe, tena kwa kidole na ukucha. Mtoto wa kike akiitwa haulizi "nini", haguni, hangoji aitwe mara ya pili. Husema "abee," na miguu yake huwa imekwisha kuinuka. Nikichelewa, nilifinywa sikio huku nikikumbushwa kwamba samaki mkunje angali mbichi. Nilikunjwa nikakunjika. Nikiwa na miaka saba nilikuwa nikiitika hata usingizini, na jirani zetu walikuwa wakiniita kwa kujifurahisha tu, wasikie nitakavyoruka. Sikuwa na habari kwamba adabu hii, niliyofundishwa kwa ukucha, mtu yule yule angekuja kunifundua kwa sauti ya upole.

Mwaka ule nyumba iliharibika. Sikujua kilichosemwa, ila nilijua kwamba mama alikuwa akilala nami chumbani kwangu, na kwamba wazee wawili wa kwetu walikuja wakakaa barazani na baba kwa muda mrefu, kahawa ikapoa. Neno nililolisikia mara kwa mara kupitia dirishani lilikuwa "mtoto". Hata mtoto wa miaka tisa hutambua anapozungumzwa yeye. Nilielewa kwamba mama huenda akarudi kwao, na kwamba bado haijaamuliwa kama nitakwenda naye au nitabaki. Mimi nilikwisha kuamua. Nilikuwa nimezikunja nguo zangu tatu nikaziweka chini ya mto, juu yake nikaweka daftari langu la hesabu, nikawa nangoja kuambiwa tu.

Badala yake niliambiwa kwamba magoti ya shangazi yamezidi kuuma, na kwamba dawa yake ni maji ya moto, na maji ya moto yenyewe yako mbali sana, hayafikiwi ila kwa boti, na shangazi anataka mtoto wa kumsaidia kushika fimbo. Likizo ilikuwa imeanza. Mama alisimama pwani pale Jomvu akanivisha bangili ya fedha iliyokuwa ya nyanya yangu, mama yake yeye, akaibana kidogo kwa meno kwa sababu mkono wangu ulikuwa mwembamba. "Ukirudi tutazungumza," aliniambia. Nilimwambia nguo ziko chini ya mto. Akacheka, akageuza uso.

Boti la Kombo lilikuwa la kubebea boriti na makuti, pana tumboni, lenye mota iliyokohoa kama mzee. Tuliondoka alfajiri maji yakikupwa, yakatuvuta chini ya daraja la Nyali, tukaupita Mji wa Kale watu wakipiga mswaki kwenye ngazi, tukatoka mlango wa bahari. Hapo mawimbi yalituinua nikatapika chai yote. Tukauzunguka mnara wa taa, tukaingia tena ndani, feri za Likoni zikatukatiza mbele na abiria wake wakitupungia mikono, kisha zikaja meli ndefu kama mitaa zimefungwa bandarini, na ndege zikiteremka uwanjani Port Reitz karibu sana hata nikaona magurudumu. Maji yalipoanza kujaa yakatusukuma mbele zaidi, ndani ya mkono wa bahari uliokuwa ukipungua upana, mpaka mikoko ikatukaribia pande zote mbili na mota ikazimwa. Siku ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimeona mji, bahari kuu, meli na ndege, nimelala mara mbili nikaamka, na nilikuwa na hakika kabisa kwamba tumefika nchi nyingine. Niliuliza kama huku ni Tanzania. Shangazi alisema, "Karibu na huko."

Mahali penyewe palikuwa na kibanda cha makuti ambacho Kombo alilalia nyakati za kukata boriti, na hatua chache mbele yake mawe meusi yenye utando wa manjano, na katikati ya mawe kidimbwi kikubwa kiasi cha chumba kidogo. Alfajiri kilifuka moshi. Maji ya bahari yalipokupwa, chemchemi ilikuwa kali kiasi cha kuivisha yai nikisoma Yasini moja na nusu. Maji yalipojaa, bahari ilipenya kati ya mizizi ikaja kuipoza, na hapo ndipo tulipoingia. Shangazi aliingia na leso yake, akikunja uso, akisema "wallahi, wallahi" kwa kila hatua, na alipokaa mpaka shingoni uso wake ulilainika nikamwona msichana aliyekuwa zamani. Nilikuwa nimemjua kwa ukucha wake. Kule nilimjua kwa kicheko. Alinifundisha kufunga mihogo ndani ya ncha ya leso na kuizamisha kwa jiwe. Alinisimulia hadithi. Alinikanda mgongo kwa tope la moto. Kombo alikata boriti zake, jioni akatuletea kaa. Sikumsahau mama, lakini nilianza kukusanya mambo ya kumsimulia, na yalikuwa mengi mno hata nikatamani likizo iongezwe.

Kila baada ya siku chache Kombo aliondoka na boti asubuhi kwenda kutununulia unga na sukari, akarudi kabla ya adhuhuri. Siku moja alirudi na mahamri ndani ya gazeti, na mahamri yale yalikuwa ya moto. Nakumbuka yaliniunguza ulimi, nakumbuka yalikuwa na iliki nyingi kama ya yule mama anayekaanga karibu na msikiti wetu. Nikauliza. Kombo alimtazama shangazi. Shangazi akasema Kombo aliyaweka juu ya mota njia nzima ndiyo maana hayakupoa. Mimi nikaona kwamba Kombo ni mtu mwenye akili sana. Ndivyo nilivyokuwa, mtoto wa kuamini mota.

Siku hiyo ya mahamri Kombo na shangazi walizungumza kwa muda mrefu nyuma ya kibanda. Aliporudi, shangazi aliniita, nikaitika abee, akanikalisha mapajani ingawa magoti yalikuwa yakimuuma. Sauti yake ilikuwa laini kuliko siku zote. "Sikiza, mwanangu," alisema. "Sikukwambia mapema kwa kuwa sikutaka kukutisha. Hapa ukisikia waitwa jina, usiitike. Akwitao hapa si mtu, ni mwenye mai." Mai ndiyo maji, kwa Kimvita cha kwetu. Nikauliza mwenye mai ni nani. Akasema ni wa tangu na tangu, kazi yake ni kuita watoto, na hupenda kuita mara tatu. "Atakwita kwa sauti ya umpendaye, tena kwa jina lile ulipendalo. Ukiitika mara moja tu, amekutwaa, na miye narudi Jomvu peke yangu." Niliogopa mpaka nikakojoa. Akaniosha, akanifariji, na alipokuwa akinifuta mikono akaishika ile bangili ya mama, akaiinua ili niione vizuri. Ilikuwa imekuwa nyeusi. Fedha yote ile iliyokuwa ikimetameta pwani Jomvu ilikuwa nyeusi kama sufuria. "Waona?" alisema. "Mai haya huonyesha moyo wa aliyetoa."

Kuliitwa siku ya pili yake, saa za asubuhi, maji yakiwa yamejaa. Nasema "kuliitwa" kwa sababu ndivyo nilivyozoea kusimulia kwa miaka mingi, kama jambo lisilo na mtu. Tulikuwa ndani ya kidimbwi, shangazi na mimi, na Kombo alikuwa ndani ya boti akiziba ufa. Sauti ilitoka upande wa nchi kavu, nyuma ya mikoko, mbali kidogo. "Kadzoo!" Sijui nimweleze vipi msomaji. Miguu yangu ilikwisha kuinuka. Neno lilikwisha kufika kwenye meno. Shangazi alinishika mkono chini ya maji, hakuukaza, aliushika tu. Nikajiambia kwa akili zangu zote za miaka tisa: mama yuko Jomvu, na Jomvu ni safari ya siku nzima, bahari kuu na meli na feri, na huku hakuna ndia, yaani njia, ila ya boti, na boti ni hili hapa. Basi huyu si mama. "Kadzoo!" Mara ya pili. Kombo akasimama ndani ya boti, akageuka kuelekea kule sauti ilikotoka, akafungua kinywa. Shangazi alimtazama. Kombo akakaa. Mara ya tatu sauti haikuwa kubwa tena; iliita kama mtu anayeuliza. Kisha kukawa na ndege wa mikokoni tu, na maji yakibubujika kati ya mawe.

Shangazi alinikumbatia akalia. Aliniita msikivu, akaniambia hakuna mtoto kama mimi Mombasa nzima, akanipa mayai mawili. Na mimi nilijivuna. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kuliko hata mambo niliyoyajua baadaye. Nilikaa juu ya jiwe nikimenya mayai yangu, nikijisifu kwamba nimemshinda jini.

Tulirudi kwa ndia ile ile ndefu, shule zikiwa zimekwisha kufunguliwa bila mimi. Chumbani kwangu nguo zangu tatu zilikuwa bado chini ya mto. Za mama hazikuwapo, wala kitana chake, wala mkeka wake. Baba alikuwa na gazeti. Shangazi aliingia nyuma yangu, akazungusha macho chumbani, akauliza kwa mshangao niliouamini, "Mamako kaenda zake? Hata hakukuaga?" Nikasema hakuniaga. Kuanzia siku hiyo nilimchukia mama kwa bidii, kama mtoto anayefanya kazi ya shule. Nikaivua bangili nyeusi nikaitupa ndani ya kopo la vifungo. Watu walipouliza, shangazi aliwajibu kwamba uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na wengine si wazazi ila wapitao. Methali ile aliigeuza apendavyo, na hakuna aliyemsahihisha.

Wahenga wamesema njia ya mwongo fupi. Nilikuwa nimeiandika methali hiyo katika mitihani mingapi, bila kujua kwamba kuna siku nitaipima kwa miguu. Lakini kwanza ulikuja ule ufa mdogo wa bangili. Nikiwa kidato cha pili mwalimu wetu wa kemia alituambia kwamba fedha ikikutana na hewa ya salfa huwa nyeusi, yoyote, ya mwema na ya mbaya, na kwamba majivu na ndimu huisafisha. Nilirudi nyumbani nikaitafuta kwenye kopo la vifungo. Nikaisugua. Katika muda usiozidi wa kuchemsha chai ilikuwa nyeupe kama siku niliyovishwa. Nilikaa nayo mkononi, nikafikiri labda shangazi hakujua tu, watu wa zamani hawakusoma kemia. Nikamsamehe nusu. Nikafunga mdomo tena, kama nilivyozoezwa.

Ndia yenyewe niliijua nikiwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya. Mzazi wa mwanafunzi wangu alifariki, nikapanda bodaboda kutoka Jomvu kwenda mazishini, upande wa barabara kuu ya kuelekea Mazeras. Kijana aliyeniendesha alikata kushoto, akapita vichochoro na mashamba ya mihogo, na mara ile harufu ikanipiga usoni. Nikamwambia asimame. "Hii ni maji moto, madam," alisema. "Watu wa magoti hukuja hapa Jumapili, wanaoga." Niliteremka nikafuata kijia. Mawe meusi, utando wa manjano, kidimbwi kile kile, sasa kimezungushiwa mabati upande mmoja. Kulikuwa na maganda ya mayai. Nilimwuliza kutoka kwetu mpaka pale tumetumia muda gani. Aliitazama simu yake. Dakika ishirini na tano, akasema, na hiyo ni kwa sababu ya lori zile za kwenye mzani. Nikaketi chini palepale na nguo zangu za mazishi. Siku nzima ya bahari, kutapika, mnara wa taa, feri, meli, ndege; tuliuzunguka mji wote wa Mombasa ili kufika nyuma ya nyumba yetu. Nikayakumbuka mahamri ya moto. Halafu, polepole, kama maji yanavyojaa, nikamkumbuka Kombo aliyesimama akakaa, nikaielewa ile sauti. Mtu angeweza kuja pale kwa miguu. Mtu alikuja.

Mazishini sikwenda. Nilimwambia yule kijana anipeleke Mwakirunge, akadhani nimepagawa, kwa sababu ni ng'ambo kabisa ya mji. Mama yangu nilimkuta nje ya nyumba ya udongo, jirani na machimbo ya mawe, amekaa juu ya gunia akiponda kokoto. Sikumwita. Sikuwa na haki ya kumwita. Nilisimama mpaka akainua kichwa. Tulisalimiana kama watu waliokutana njiani, shikamoo, marahaba, akanitolea kigoda, akaninawisha mikono, akanipa uji. Macho yake yaliiona bangili yakaondoka. Ndipo akaniuliza, bila ukali wowote, kama mtu anayeulizia bei: "Nilikuita, Kadzo. Mara tatu. Mbona hukuniitika?"

Akanieleza. Baba alipomwacha, yeye alikataa kuondoka bila mimi. Wazee wakakaa, wakakata shauri lililoonekana la haki kwa kila mtu: mtoto ana akili, aulizwe mwenyewe. Lakini shangazi alituma neno kwa kinywa cha Kombo kwamba asije mtu kumvuta mtoto kwa mkono, wala kumlilia mbele ya macho, itakuwa kumshurutisha. Mama asimame njiani, aite, kama apigavyo mtu hodi. Hodi ni tatu. Mtoto akiitika, ni wake, na aende naye. Asipoitika, mgeni hurudi. Mama alikubali kwa furaha, maskini. Alisema alikubali upesi hata wazee wakacheka, kwa kuwa nani Jomvu nzima hakujua kwamba Mwanaidi akiitwa huitika hata usingizini? Wazee wawili walifuatana naye kwa miguu kupitia mashamba, wakasimama nyuma ya mikoko. Aliita jina langu la chumbani ili nijue bila shaka kwamba ni yeye. Mara ya tatu mzee mmoja alimgusa bega akamwambia, "Basi, binti. Tatu zimekwisha."

Nilimweleza na mimi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua nyundo yake akaponda jiwe moja, la pili, kisha akaiweka chini. Hatukukumbatiana siku ile. Mambo hayo yalikuja kidogo kidogo, na mengine hayakuja mpaka leo. Nimeona tu kwamba mama yangu haiti mtu. Hata mtoto akiwa mwisho wa kiwanja, hata chakula kikipoa, huinuka na kwenda mpaka alipo, akamgusa bega. Majirani zake hudhani ni ububu fulani. Wajukuu wanadhani ni mchezo.

Shangazi nilimkabili jioni ile ile. Sikupiga kelele, nilikuwa nimefunzwa vizuri mno. Niliweka bangili nyeupe mbele yake nikamwambia nimetoka maji ya moto, dakika ishirini na tano. Hakukana. Wala hakuniomba radhi. Alisema, "Nalikutaka. Mngu hakunipa wangu. Ungekwenda kule ukaponde mawe?" Kisha akalia, na kilio chake kilikuwa cha kweli, kama kilivyokuwa cha kweli pale kidimbwini. Hapo ndipo pagumu. Kikulacho ki nguoni mwako, husema watu, na hudhani ni kupe au chawa, kitu cha kukamua na kutupa. Hawasemi la kufanya ikiwa kikulacho ndicho kilichokufunika.

Leo naishi Changamwe, karibu na uwanja, na ndege zikipita tunanyamaza sote mpaka zipite. Baba na Kombo wamekwisha kutangulia. Kombo nilimwombea dua kama wengine, ingawa yule mtu aliyesimama akakaa hunisumbua kuliko yule aliyenishika mkono. Kile kidimbwi nasikia siku hizi watalii hukifikia kwa boti za kifahari, wanatoka upande wa hoteli, wanauzunguka mji mzima kama sisi, na wanaambiwa ni mahali pa siri pasipo na barabara. Shangazi yuko kwangu. Magoti yalimshinda kabisa, na hana mtu mwingine duniani ila mimi, jambo ambalo amelijenga kwa mikono yake. Namwogesha, namlisha, namgeuza kitandani. Binti yangu nimempa jina la Kadzo, limeandikwa katika cheti chake cha kuzaliwa, na shangazi hana budi kulitamka kila siku akitaka maji ya kunywa.

Lakini mimi huniita Mwanaidi, na kuna jambo nalifanya ambalo sijamwambia mtu. Akiita mara ya kwanza, naendelea na nilichokishika. Akiita mara ya pili, naendelea. Binti yangu hushangaa. "Mama, bibi anakuita, husikii?" Nasikia. Miaka ya mwanzo shangazi aliita zote tatu kwa pamoja, kwa uchovu. Siku hizi nimeona amebadilika. Huita mara mbili, kisha hunyamaza. Hunyamaza kwa muda mrefu, ukimya ukajaa nyumba, kwa sababu yeye ndiye anayejua kuliko sote kwamba hodi ni tatu, na kwamba zikiisha mgeni hurudi. Nasimama jikoni na mwiko mkononi nikingoja pamoja naye. Kisha huita ile ya tatu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeuliza.

"Abee, shangazi," nasema, na miguu yangu ndiyo kwanza inainuka.